Ile "Se" ya Mama

Mwezi wa nne nilirudi kwetu Kianjokoma kumzika mama. Jioni ya kwanza kwaya ya kanisa ilikuja nyumbani kutufariji, na kijana wao akaweka kinanda cha umeme juu ya meza ile ile tuliyolelewa tukila juu yake githeri, mahindi na maharagwe. Wakaimba wimbo wa kuzika. Ubeti wa kwanza ulipofika mwisho nikashtuka, nikawatazama akina mama wa sauti ya pili. Noti ya mama haikuwepo.

Ngoja nikueleze vizuri, maana pengine wewe hukuzaliwa na mwanakwaya. Wimbo huo ulitungwa na mwalimu wetu wa kwaya, ambaye siku za wiki alitufundisha hesabu na kutufinya masikio. Kinanda hakuwa nacho. Alikuwa na ubao, chaki na koo lake. Jumamosi alasiri aliandika do, re, mi zake ubaoni, nasi watoto tukakaa benchi la nyuma tukila viazi vitamu vilivyopoa. Kwa kuwa ulikuwa wimbo wa huzuni, nyumbani kwa wimbo wenyewe hapakuwa do, palikuwa noti ya la. Ulianzia la, ukazunguka, ukarudi la. Lakini kabla tu ya kurudi, sauti ya pili ilitakiwa kuiacha so iliyozoeleka, ipande nusu ngazi na kuimba se. Noti hiyo haimo katika ngazi ya wimbo. Imetoka nje.

Akina mama waliikimbia kama moto.

"Sauti ya pili, mmeniimbia so tena," mwalimu alilalamika. "Mimi nataka se."

"Lakini mwalimu, hiyo si iko nje ya key?"

"Iko nje, najua. Kwani mnafikiri niliandika nikiwa nimelala? Imbeni hivyo hivyo."

Mama ndiye aliyeiweza. Wengine wakamwegemea yeye, na tangu hapo akisafiri kwenda mjini Runyenjes Jumamosi, mazoezi yakawa ni bure tu.

Mimi nilijifunza wimbo ule katika shamba la majani chai. Mama alichuma akiwa na nailoni ya kuzuia umande kiunoni na kikapu mgongoni, ukungu haujatoka, na huku anaimba sehemu yake peke yake, mstari baada ya mstari. Sikuwahi kuisikia sauti ya kwanza ikiimbwa pale, na hata kwenye mazoezi masikio yangu yalimfuata mama tu, kwa hiyo nilikua nikidhani sauti ya pili ndiyo wimbo wenyewe. Siku nilipoambiwa niongoze wimbo huo darasani nikaimba sauti ya mama. Darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka kuliko wote, kisha akaniambia nirudie, kwani nilikuwa nimeipata se sawasawa.

Nilimuuliza siku hiyo kwa nini wimbo wa msiba unachangamka kidogo pale karibu na mwisho, maana ndivyo nilivyousikia. So ikipanda kuwa se, sauti zote nne kwa pamoja zinang'aa ghafla, halafu zinaanguka kwenye huzuni ya la.

"Ndiyo uchungu uingie vizuri," akasema. "Ukiimba huzuni tupu, watu wanazoea."

Sikuelewa. Nilielewa baba alipofariki.

Siku ya mazishi ya baba, mama aliketishwa mbele pamoja nasi wanawe, shuka mabegani, kama wafiwa wanavyokaa. Kwaya ikaanza. Ubeti wa kwanza ulipokwisha, sauti ya pili wakababaika, wakaimba so. Mama akainamisha kichwa. Ubeti wa pili, so tena. Basi akainuka, akaweka shuka kwenye kiti, akapita mbele ya mchungaji na wakwe zake wote waliokuwa wakimkodolea macho, akaenda kusimama mahali pake kwenye kwaya. Akaimba se. Nililia siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu baba aanguke, na nadhani watu wote walilia pale pale, katika noti ile.

Baadaye, tukichuma, aliniambia bila hata kunitazama, "Nami nikienda, mtu aniimbie pale. Usikubali waniimbie so."

Sasa unaona kwa nini jioni ile ya kwanza nilimfuata yule kijana wa kinanda. Mwalimu tulishamzika. Wenzake mama wa sauti ya pili nao walikuwa wametangulia, na waliopo leo wamefundishwa na kinanda. Kijana alikuwa na adabu, akanisikiliza hadi mwisho.

"Anti, hiyo note iko kwa zile nyeusi," akasema, akinionyesha vitufe vya kinanda. "Mimi hucheza nyeupe pekee. Wakitaka juu nabonyeza hapa inapanda yenyewe, wakitaka chini inashuka. Sijawahi hitaji nyeusi."

Nilicheka, Mungu anisamehe, na msiba uko ndani ya nyumba. Akajaribu. Akabonyeza nyeusi moja, akakunja uso.

"Inasound ni kama nimekosea, Anti. Watu watadhani sijui kucheza."

Siku ya mazishi ya mama nilisimama na sauti ya pili. Ubeti wa kwanza ulipofika mwisho nikaimba se, kwa nguvu, vile nilivyoisikia miaka yote ile kwenye majani chai. Kinanda kikapiga so. Akina mama wakaimba so. Sauti yangu ikakwaruzana na zao vibaya sana, hadi kijana akainua kichwa kutafuta aliyekosea. Ubeti wa pili nikajaribu tena, ikawa mbaya zaidi, na watoto wawili mbele wakageuka kunitazama.

Mama mmoja wa kwaya aliyesimama kando yangu akanishika kiwiko. Ni mtu mwema, ndiye aliyetupikia wiki nzima.

"Pole sana, mama," akaninong'oneza. "Umelemewa. Wewe nifuate mimi tu."

Akaniimbia so sikioni, polepole, nipate kuishika. Nilitaka kumweleza. Lakini ningemweleza nini, jeneza likiwa linashushwa? Moyo uliniuma kuona kwamba kati ya watu wote waliojaa pale, ni mimi tu niliyejua kuna kitu kinakosekana, na aliyekijua mwenzangu ndiye tuliyekuwa tunamfukia.

Ubeti wa tatu nikamfuata. Yule mama akaniitikia kwa kichwa, akatabasamu kunitia moyo, na wimbo ukaenda sawa hadi mwisho bila kosa hata moja.