Majani ya Madoa Kutoka Shamba la Baba Mkwe

Mwaya, Machi 1912. Jua halijachomoza, na mvua inamwagika kama ilivyo desturi yake huku Kyela. Tuntufye anashusha mbao mbili nzito za kukandamizia majani kutoka darini, juu ya moto wa jikoni. Anatoa karatasi zilizolowa, anaweka kavu, katikati analaza kipande cha jani la mgomba chenye madoa ya kahawia.

"Likioza hapa, kazi yote bure," anasema. "Nataka ugonjwa liliotoka nao shambani, basi."

Mama huyu wa watoto watatu hukausha mimea kwa daktari Mjerumani anayechunguza kuvu wa majani. Kila jani hushonwa kwenye karatasi ngumu, na karani Mika huandika limetoka shamba la nani. Kisha karatasi hizo husafiri hadi Berlini.

Mwaka jana nusura afukuzwe. Migomba iliyougua ilikuwa ya baba mkwe wake, na mke wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wala hatamki jina lake. Majani aliletewa na mumewe, Hezekia. Karani alipouliza mwenye shamba, Tuntufye alibabaika, akamtaja jirani, Lazaro.

Lo! Daktari akaenda kwa Lazaro, akapekua shina kwa shina, asione doa hata moja. Alirudi amefura, akasema karatasi ya uongo ni takataka, zote zichomwe na Tuntufye aache kazi.

"Nililia," anasema Tuntufye. "Lakini ningetamkaje, jamani?"

Hezekia alikimbia kwenda kueleza, na karatasi zikapona. Hata hivyo, Tuntufye hakutaka kuokolewa na mumewe kila msimu. Akaenda misheni kujifunza kuandika. Lakini kwanza alimuuliza mama mkwe kama kuandika nako ni kutamka.

"Alicheka sana," anasema. "Akaniambia wazee hawakukataza kitu wasichokijua. Akaenda kumuuliza mzee mwenyewe. Jibu likarudi: mwambieni aandike vizuri, asinipinde."

Mwandishi wa habari hii hana mwiko huo: mzee anaitwa Angetile.

Leo karani amekaa pembeni. Tuntufye anaandika polepole, ulimi nje, herufi moja baada ya nyingine. Anataka karatasi zote za msimu huu ziwe za mkono wake.

"Jina lake sitalitamka mpaka nife," anasema, akipuliza wino. "Ila Berlini watalisoma."