Vidonge vya Mkwe Wangu

Mkwe wangu Tuntufye ni mtu wa kazi. Ujana wake aliumaliza chini ya ardhi kule Saza, akiwachimbia Wazungu dhahabu. Aliporudi Iyula alipanda kahawa, akafyatua matofali, akajenga, akamwoa binti yangu Nesta kanisani. Halewi, hapigi. Hayo nayajua kwa kumtazama kwa mbali, maana kwetu mama mkwe na mkwe hawasemezani wala hawatazamani usoni. Nikimwona njiani naingia kwenye mahindi mpaka apite.

Walipata mtoto mmoja, kisha kimya. Nikodemo, kaka mkubwa wa Tuntufye, akaanza kusema kwamba Nesta ana mkosi, arudishwe kwao. Nikakosa usingizi. Siku moja tukichuma kahawa nilimbana Nesta mpaka akasema.

"Si mimi, mama. Ni yeye. Uume wake umeota kitu kigumu ndani, kama ngozi iliyokauka. Ukisimama unapinda na kumuuma. Basi ananipa mgongo."

"Amemwambia nani?"

"Nani tena? Hata mimi alinificha."

Nilimweleza mume wangu, Boazi, naye akampeleka hospitali ya misheni, wakiaga kwamba wanakwenda kutafuta miche. Waliporudi Boazi aliniambia, "Si uchawi, wala si kaswende. Ni kovu limefanyika ndani ya nyama. Kapewa vidonge laini vya mafuta, ameze pamoja na chakula asubuhi na jioni, tena kwa miezi mingi. Lakini daktari amesema wazi: wengine huwasaidia, wengine hapana."

Nilishukuru. Wiki hazikupita nyingi, nikaenda kumsaidia Nesta kuanika kahawa. Nikimwaga majivu jaani, nikaona vitu laini vya rangi ya asali, vimetobolewa, vinanuka mafuta. Nikaviokota. Kidonge kilichomezwa hakiachi ganda jaani.

"Nesta, hivi ni nini?"

Akainamisha kichwa. "Anavitoboa kwa mwiba, anajipaka yale mafuta. Anasema ugonjwa uko chini, dawa ipitie mdomoni kufanya nini?"

"Na daktari alimwambiaje?"

"Mama, amezee wapi? Chakula anakula barazani na kaka zake, sinia moja. Atoe kichupa mbele ya Nikodemo?"

Nilitamani kumnasa kofi mtu ambaye hata kumtazama siruhusiwi. Kichupa kizima cha dawa kinaishia kwenye ngozi, na binti yangu anaitwa mkosi! Tena Nikodemo alikwisha kutangaza kwamba Jumapili anakuja kumrudisha kwetu. Nikamwomba Boazi akaseme naye tena. "Nimempeleka hospitali," akajibu. "Sasa nikamtafunie?"

Basi nikaenda mwenyewe. Tuntufye alikuwa nyuma ya nyumba, anapiga randa mbao za kitanda cha kuanikia kahawa. Nilikaa upande wa pili wa ukuta, nikaupa ukuta mgongo, nikamsemesha kuku aliyekuwa akiparua pale.

"Wewe mtetea, umepewa mahindi umeze, unajisugua nayo manyoya! Utashiba lini? Na Jumapili wanakuja kukubomolea kiota."

Randa ikanyamaza. Nikasikia mtu anakohoa.

"Mtetea," ilisema sauti ya Tuntufye, "mwambie huyo anayekusemesha kwamba kuku hula peke yake. Mimi nakula na watu."

"Mwambie basi achague, mtetea. Watu wajue ugonjwa wake, au watu wamchukue mkewe."

Randa ilianza tena, kwa hasira. Kuku naye akaenda zake, nikarudi nyumbani nikiwa na hasira kuliko nilivyokuja.

Jumapili baada ya ibada Nikodemo alifika na ndugu zake. Mimi na Nesta tulikuwa jikoni, na wifi yake Tabita alikwisha kumfungia nguo zake kwenye kitenge. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango wa matete. Wanaume walikuwa wamezunguka sinia la ugali na maharage.

"Tukimaliza kula tunampeleka kwao," alisema Nikodemo.

Tuntufye alimeza tonge la kwanza. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kichupa, akaweka kidonge juu ya ulimi mbele yao wote, akameza.

"Nini hicho?"

"Dawa. Ugonjwa ni wangu, kaka, uko huku chini. Nesta hana kosa. Atakayempeleka kwao anipeleke na mimi."

Mmoja akacheka. "Mwanamume mzima anameza shanga!"

Nikodemo hakucheka. Alivuta mkono wake kutoka kwenye sinia. "Unaambukiza?"

"Hauambukizi. Kula."

Jikoni, Nesta alikuwa tayari anafungua kile kitenge, na Tabita anamtazama tu.

Tangu hapo vichupa viwili vimekwisha. Nesta anasema maumivu yamepungua, ila kupinda kuko palepale. Boazi ananikumbusha kwamba daktari hakutudanganya. Najua hakutudanganya, lakini nimechoka kungoja. Mjukuu wa pili hajaja, na Nikodemo bado ananuna. Kila nikienda kwao napitia jaani kwanza, nachakura majivu kwa kijiti. Maganda sijayaona tena.