Mita Mia Tatu Kusini

Mlipuko wa Jumatano sikuuona wala sikuusikia. Nilikuwa nyumbani kwangu Mwiki, upande wa Ruiru, mbali na pale ulipotokea. Watu watatu wamenisimulia, na kila mmoja ana saa yake na idadi yake ya vishindo. Ya kwao nawaachia. Nilichoshuhudia ni hiki: nilimwona mwanamke aliyekufa kwa mlipuko huo akiwa hai Jumanne alasiri, nikasimama kando ya kaburi lake wiki iliyofuata, na kati ya siku hizo mbili nilipima shimo.

Nilikuwa mpimaji ardhi maisha yangu yote ya kazi. Nilipostaafu niliitwa na ofisi moja ndogo katika Eneo la Viwanda, Thika, juu ya karakana ya kushona magunia. Walikuwa wakitayarisha ramani ya ardhi iliyo mashariki ya mji, ambako jeshi la wakoloni lilifanya mazoezi ya mizinga na kuacha makombora yasiyolipuka. Siku hizi kazi hiyo hufanywa ndani ya kompyuta, kwa mfumo wa taarifa za kijiografia: ramani ya zamani huwekwa chini, mashamba ya leo juu yake, na juu kabisa nukta za mambo yaliyokusanywa kwa wenyeji. Penye hatari hupakwa rangi nyekundu, palipo salama kijani. Fomu yetu ilikuwa na safu mbili, moja ya waliyoyaona watu na nyingine ya waliyoyasikia. Safu hizo nilizibuni mimi, nami ndiye niliyeamua kwamba ya kusikia yasibadilishe rangi ya shamba hata moja.

Mwanamke yule alikuwa mjane mwenye ekari mbili. Nilipomtembelea mara ya kwanza aliniambia kwamba marehemu baba mkwe wake alikataza kulima upande wa chini, kwa kuwa makombora yaliangukia huko.

"Wewe mwenyewe uliona lolote, mama?"

"Mimi niliolewa tu hapa, mzee. Ni yeye alisema."

Nikaandika katika safu ya kusikia. Ramani ya zamani ilionyesha uwanja wa shabaha kwenye kilima cha mawe, kaskazini ya shamba lake. Shamba likatoka kijani, nikatia saini. Mvua za vuli zilipoanza alilima upande wa chini kwa mara ya kwanza, akapanda maharagwe.

Kosa nililigundua Januari. Nilikuwa nimesimama kwenye nguzo ya saruji ya wapimaji, nimeshika kifaa cha setilaiti, na skrini ikanionyesha alama ya nguzo hiyo hiyo kwenye ramani, mita mia tatu kaskazini ya miguu yangu. Ramani ya zamani ilikuwa imepimwa kwa msingi wa zamani wa Afrika Mashariki, yaani pale ambapo vipimo vyote huanza kuhesabiwa. Kompyuta iliisoma kana kwamba imepimwa kwa msingi wa setilaiti, na hakuna aliyeirekebisha. Kila alama iliyotoka kwenye karatasi ile ilikuwa imesogea. Mtaalamu wetu wa kompyuta, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliingiza marekebisho nikiwa nimesimama nyuma yake. Eneo jekundu likateremka kutoka kilimani, likatulia juu ya maharagwe.

"Ile ya kijani ni nani alisaini?"

"Ni mimi."

"Basi ni wewe utaenda kumwambia."

Nilikwenda Jumanne. Maharagwe yalikuwa yamekauka, naye alikuwa akiyang'oa na kuyarundika.

"Mama, acha kazi. Toka kwa njia uliyoingilia."

"Kuna nini?"

"Ramani ilikuwa na kosa. Makombora yako upande huu."

Alicheka. "Mwaka jana ulikuja na hako kamashine ukasema hapa ni safi. Sasa yamehama? Yalihama na watoto wao, ama wengine waliachwa kule juu?"

Nilimweleza habari ya misingi miwili ya upimaji. Alinisikiliza hadi mwisho, amekumbatia maharagwe kifuani.

"Mzee, umeona bomu hapa?"

"Sijaona."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi iandike kwa ile laini ya kusikia."

Ningeweza kumwambia kwamba baba mkwe wake alisema kweli. Sikumwambia, kwa sababu hilo pia sikuwa nimeliona. Alisema imebaki mistari michache na takataka za kuchoma, kisha atatoka. Nilifunga utepe mwekundu kwenye ua wake, nikajaza fomu, nikaondoka. Nilipogeuka alikuwa ameinama tena.

Alhamisi askari wa mabomu walinipitisha kati ya kamba mbili nyeupe. Shimo lilikuwa na upana wa karai. Nilisimama ukingoni, nikasoma namba kwenye kifaa, nikaziingiza katika ramani iliyorekebishwa. Nukta iliangukia ndani ya eneo jekundu, mita arobaini kutoka mpaka wake wa kaskazini.