Kiatu cha Karani

Jumatatu nilipanga foleni ya leseni za biashara Homa Bay, nyuma ya mama mmoja kutoka Rusinga. Karani alimuuliza anafanya biashara gani.

“Ngozi ya mbuta. Wengine wakishatoa minofu, sisi tunachukua ngozi, tunalainisha, tunashona viatu.”

Karani akacheka. “Mama, ngozi ya samaki ni takataka.” Akaandika hivyo kwenye fomu.

Mama akachungulia miguu ya karani ng’ambo ya kaunta. “Omera, ndugu yangu, hivyo viatu ulinunua wapi?”

Karani akainua mguu, foleni nzima ione. “Migori. Ngozi ya nyoka, orijino!”

“Hiyo nyoka nilitoa magamba na hii mikono yangu. Funua ulimi ya kiatu, utaona alama yetu ya samaki.”

Karani akavua kiatu, akafunua. Samaki huyo hapo! Akakinusa mbele yetu sote. Foleni ikaangua kicheko. Mimi nikashika ukuta.

Alifuta “takataka”, akaandika “viatu”, akagonga muhuri. Kisha akaivaa taka yake, akafunga kamba vizuri.

Tangu siku hiyo, mtu akiita kitu taka, kwanza namtazama miguuni.