Mzuri Sana, Daktari

Kwetu Timboroa, hata baridi ikiwa ya kukata masikio, mkikutana njiani mnasimama. Hupungi mkono ukaenda zako. Unatoa mkono kwenye koti, mnashikana, na maswali yanaanza: Chamgei, hujambo? Watoto? Ng'ombe? Viazi vimeota? Na kila swali unajibu mzuri, mzuri sana, hata kama ng'ombe alikufa jana. Habari ya ng'ombe utaitoa baadaye, mkishakaa. Kwanza ni mzuri. Mama yangu hakujua njia nyingine.

Mimi niliiacha. Nina duka dogo Kesses, na wanafunzi wakipita wananiambia "Niaje mathe," nawajibu "Poa," tumemaliza, kila mtu na shughuli zake. Mama alikuja kunitembelea, akakaa kwenye kreti ya soda akiwatazama kutwa nzima. Jioni akaniambia, "Hawa watoto wanakusalimia kama wanakufukuza." Nikacheka sana.

Tumbo lilikuwa linamsumbua muda mrefu naye amenyamaza. Nilimpata mwenyewe, nimeenda kumwona, ameinama nyuma ya zizi ameshika uzio, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Sikumwuliza ruhusa. Nilimleta Eldoret siku hiyo hiyo, akalazwa, akatundikiwa maji. Asubuhi akapita daktari na kundi la wanafunzi nyuma yake. Kijana tu, macho mekundu ya kukosa usingizi. Akanyoosha mkono. "Habari ya leo, mama?"

Mama yangu, ambaye usiku kucha alikuwa anauma shuka asisikike, aliketi. Haki ya Mungu, aliketi! Akarekebisha kitambaa kichwani, akashika kiwiko cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, vile heshima inataka, akamsalimia. "Mzuri sana, daktari. Na wewe? Watu wako wanaendelea aje?"

Daktari akafurahi. Akaandika, akaenda kitanda kingine.

Nilimfukuzia hadi kwenye korido. Nikamwambia yule mama ni mgonjwa sana, asimsikilize. Akanijibu kwa upole, na upole wenyewe ukaniudhi zaidi. "Dada, mgonjwa mwenyewe anasema anaendelea vizuri. Mwache apone."

Kumbe huku nyuma mama ameshuka kitandani. Anazunguka wodi nzima akishikilia vyuma vya vitanda, anawapa wagonjwa mkono mmoja baada ya mwingine, kwa sababu huwezi kulala chumba kimoja na watu ambao hujawasalimia. Nesi akamwona. "Huyu mama ako sawa kabisa," akasema. Jioni nikaambiwa kwamba kesho, daktari akishapita, tutaruhusiwa kwenda nyumbani. Kuna watu wanangoja kitanda.

Woi! Nilijua nikimrudisha Timboroa namrudisha kuzikwa. Nilivuta kiti, nikakaa karibu na kichwa chake, nikaanza kumwomba kama mtu anayemwomba Mungu.

"Mama, kesho akikuuliza habari, sema mbaya."

"Kwa salamu?"

"Ndiyo, kwa salamu."

Akanikazia macho. "Mtu akupe mkono wake, wewe umrudishie na shida juu yake? Huyo mtoto amenikosea nini?"

"Mama, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Sijaficha. Akimaliza kusalimia nitamwambia."

"Akimaliza kusalimia anaenda! Hiyo ndiyo nafasi, hakuna nyingine!" Nilipaza sauti mpaka wodi nzima ikageuka kututazama, halafu nikalia, sikuweza kujizuia. Nilimwambia nimechoka kubembeleza watu wote, mpaka yeye. Akageukia ukuta, akasema, "Basi. Nitasema." Alilisema hilo kama nimemwambia avue nguo mbele ya watu.

Asubuhi daktari akaja mbio kuliko jana. "Habari ya leo, mama?" Mkono umeshatangulia.

Mama akaupokea. Akaangalia chini. "Mbaya, daktari," akasema, kwa sauti ndogo iliyojaa aibu.

"Vizuri, vizuri sana," daktari akasema, macho kwenye faili. "Leo tunaenda nyumbani, eeh?"

Hakusikia. Alikuwa ameshasikia mzuri kwenye vitanda vyote alivyopita, na la mama akalisikia hivyo hivyo. Nilitaka kupiga kelele. Nikaona tu daktari akianza kuvuta mkono wake aende zake.

Mama hakuuachia.

Daktari akatabasamu, akavuta kidogo. Mama akaongeza mkono wa pili, ule wenye sindano, mpira wa maji ukatikisika. "Nimekwambia mbaya," akasema. Kisha akauvuta mkono wa daktari chini ya blanketi na kuukandamiza tumboni mwake, na hapo akalia. Sikuwahi kusikia mama akilia hivyo, hata tulipomzika baba. Wanafunzi waliacha kuandika. Tabasamu la daktari likapotea. Akabonyeza polepole, sehemu nyingine, mama akalia tena, na mimi nimesimama pale, Mungu anisamehe, nimefurahi kwamba mama yangu analia mbele ya watu.

"Vuta pazia," daktari akamwambia nesi. Sauti ilikuwa imebadilika.

Baada ya hapo kila mtu alikimbia. Niliambiwa kuna kitu kimepasuka ndani, na kwamba kimekaa hivyo siku kadhaa. Wakamweka kwenye kitanda cha magurudumu, mimi nikifuata upande wa miguu na kandambili zake mkononi. Mlangoni kwa chumba cha upasuaji akainua mkono, nikadhani ananiita, nikasogea. Alikuwa anamtafuta daktari. Akamshika, mkono wa kushoto ukijaribu kufika kwenye kiwiko na kushindwa.

"Unisamehe, mwanangu," akamwambia. "Asubuhi nilikusalimia vibaya."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema.