Muhula Uliobaki wa Mzee Ntumba

Aboubakar Alimasi ni fundi wa mbao wa mtaa wa Kamalondo, mtoto wa watu waliotoka Maniema zamani. Mkewe Rachida alifariki wakati wa baridi, vumbi jekundu likiwa juu ya kila kitu. Arobaini ilipokwisha, jirani yake Dominique, muuza vitambaa, alimfuata karakanani.

"Papa Aboubakar, muzee Ntumba alirudia Kasai kwa batoto yake. Kiti ya avenue yetu mu kamati ya mipango ya muji iko wazi. Muhula ni miaka tatu. Weye utamalizia tu ile yenye inabakia."

"Sawa," alisema Aboubakar.

Tangu mazishi alikuwa akijibu hivyo kwa kila jambo. Waliomuuliza kama atakunywa chai, sawa. Waliomuuliza kama nguo za marehemu zigawiwe, sawa. Kukataa kungehitaji maneno mengi.

Basi akawa mjumbe. Alikaa karibu na dirisha, na wenzake wakiinua mikono naye aliinua. Ungemuuliza jioni wamejadili nini, asingeweza kukwambia. Karakanani ilikuwa vilevile: randa ilipita juu ya ubao, maranda yakaanguka, wala hakuisikia sauti yake.

Siku moja mwenyekiti, injinia Casimir, alitandaza ramani mezani. Kila mvua maji yaliingia katika nyumba za watu, na hilo hakuna aliyelibisha. Sasa ungechimbwa mfereji mkubwa, na safu moja ya nyumba ingebomolewa. Kidole cha Casimir kilipita juu ya nyumba ya kona. Ilikuwa ya Adija, dada mkubwa wa Rachida. Humo Rachida alizaliwa, na humo Aboubakar alikwenda kumposa.

Alingoja uchungu uje. Haukuja. Kifua kilikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

Kanuni ya kamati ilikuwa wazi: likijadiliwa jambo linalogusa mali ya mjumbe au ya ndugu zake, mjumbe huyo atoke nje. Lakini siku hiyo wengine hawakufika. Akitoka yeye, waliobaki hawatoshi kuamua.

"Ile nyumba ni ya shemeji yangu," alisema. "Minatoka."

"Ikala, papa," Casimir alimjibu kwa upole. "Bibi yako alikufa. Ule undugu ulikwisha."

Mama Adolphine, aliyewakilisha wanawake wa sokoni, aliinamisha kichwa. Aboubakar alimtazama injinia. Hakukasirika. Aliyapima maneno yale taratibu, kama mtu anayekagua ubao kabla ya kuununua, aone kama ni kweli.

"Hapana," alisema mwishowe. "Haukukwisha."

Akachukua kofia yake, akaenda kukaa kwenye benchi la nje. Kikao kikavunjika. Casimir alimpita bila kumuaga. Adolphine alikaa kando yake kidogo, akasema, "Pole, papa," kisha naye akaenda zake.

Habari zilimfikia Adija kabla yake. Aboubakar alimkuta amesimama mlangoni.

"Banasema ulitoka inje."

"Ile njo sheria, Adija. Ndugu hapashwe kubakia."

"Ulikuwa na mukono ya kupinga, ukautoa inje! Sasa nani atapinga? Rachida angeikala mule mu kamati, hata bamufukuze."

Aboubakar aliona kwamba pengine ni kweli, na hata hilo lilipita tu bila kumuuma.

Muhula ulikwisha kabla ya mvua. Dominique alikuja tena: mjumbe aliruhusiwa kurudi kwa muhula mmoja zaidi, na watu wa avenue walimtaka. Safari hii Aboubakar alikataa, bila kueleza. Kamati mpya ilikutana, wajumbe wote wakiwapo, ikaupitisha mfereji. Adija alipewa kiwanja mbali sana, asikitake, akahamia Makomeno kwa binti yake Mounira. Siku ya kuhama, Aboubakar aling'oa milango na madirisha, akavipakia kimoja kimoja kwenye mkokoteni. Tingatinga lilipofika, ukuta uliangukia ndani, vumbi likatua mabegani mwake. Hakujipangusa.

Mvua ilikuja, nyumba zilizobaki hazikuingia maji. Watu walimshukuru Mungu na injinia. Aboubakar alisikia wakisema, na hakuona sababu ya kuwabishia.

Baada ya swala ya Ijumaa huenda Makomeno. Mara za kwanza Adija alibaki chumbani. Siku hizi humtolea kiti, nao hukaa barazani wakitazama njia. Hawaongei sana. Mounira akileta bukari, ule ugali wa kwao, na samaki, wananawa, wanakula pamoja, na Aboubakar hula mpaka sahani iwe tupu, ingawa bado chakula hakina ladha kinywani mwake.