Nguzo ya Kugongea Debe

Moshi wa korosho zinazokaangwa huniwasha koo hata leo, nami hujikuta nikitazama vidole vyangu.

Mama alikaangia korosho barazani, kwenye debe lililotobolewa. Mafuta meusi ya maganda yalichuruzika na kuwaka, na alipomaliza alikung'uta debe kwenye nguzo ya kona. Enzi za uhai wake baba alimtania, "Mama Mwajuma, nguzo hiyo imekukosea nini?" Kila msimu ilizidi kuwa nyeusi.

Baba alitangulia, mama akafuata. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Shule niliiacha wiki ile ile, niwalee Zuhura na Sefu. Siku ya arobaini ya mama, baba mdogo aliizunguka nyumba yetu ya Kisarawe akichoma nguzo kwa ncha ya panga. Ilizama kama kwenye boga bovu. Mchwa.

"Nitawakatia mpya," alisema, "lakini mchwa wa hapa hawana adabu. Msimu ujao nikizikuta zimeliwa, Zuhura ataenda kwa ndugu zetu wa Kongowe, Sefu kwa wale wa Ruvu. Siwaachi watoto wa kaka yangu waangukiwe na nyumba."

"Ndiyo, baba." Sikulia. Hata mazikoni sikulia.

Kwenye kona panga liligoma. Akachoma tena. Ko!

"Hii mti gani?"

"Ule ule, baba. Ila mama aligongea debe hapo."

Akacheka, akaenda kukata miti. Mimi nikakusanya maganda, nikayachoma, nikakinga mafuta kwenye kifuu, nikapaka kwa unyoya wa kuku mguu wa kila nguzo kabla haijafukiwa. Unyoya ulipokatika nilitumia vidole. Ngozi ikababuka.

"Dada, huumii?" Sefu aliuliza.

Niliitazama mikono kama ya mtu mwingine. "Shika nguzo."

Msimu uliofuata baba mdogo alichoma moja moja. Ko. Ko. Ko. Akafuta panga. "Haya. Kaeni."

Watu walinisifu kwa ujasiri, nami nikawaamini. Miaka mingi baadaye fundi mmoja wa magari aliniambia mafuta yale yale hutumika kutengenezea breki za malori. Nilitazama vidole vyangu. Hapo nikaelewa jambo jingine: haukuwa ujasiri. Tangu mazikoni sikuwa nikihisi kitu. Na mama, kwa mazoea tu ya kukung'uta debe, alikuwa ameianza kazi ile ya kuzilinda nguzo kabla yangu.

Niliporudi nyumbani niliegemea nguzo ya kona, nikalia, mtu mzima mwenye wajukuu.